Mama Wakili Anajibu: Kwa baba yake ana jina la msikitini, kwangu ana la kanisani, mahakama itasemaje?

SWALI: Shikamoo Mama Wakili. Mi ni msomaji wako niko Morogoro, nina watoto wawili, wa kike ana miaka 9 wa kiume ana 4. Mimi Mkatoliki baba yao Muislamu, tulifunga ndoa bomani kwa DC maana kwao hawakutaka kusikia kanisa na kwetu hawakutaka kusikia msikiti, na kipindi tunapendana hatujawahi kugombania dini hata siku moja, Idi tulikuwa tunapika wote na Krismasi tunapika wote. Mwaka jana tumeachana mahakama ya mwanzo, hakimu akasema watoto wakae na mimi, baba awachukue likizo na wikiendi mbili kila mwezi, kuhusu dini hukumu haikusema neno. Sasa hapo ndo vita imeanzia. Nilimuandikisha binti mafundisho ya komunyo ya kwanza, baba yake kusikia akaanza kumpeleka madrasa kila anapoenda kwake Dar na akampa jina lingine la huko, wakati huku parokiani anaitwa jina la ubatizo na kwenye cheti cha kuzaliwa lipo la tatu ambalo tulimpa wote wawili. Juzi nimempokea stendi Msamvu, kufika home nafungua begi nifue nguo nakuta rozari imesokomezwa ndani ya soksi. Kumuuliza akaniambia mama huwa naificha basi likisimama Chalinze, naingia chooni naificha, na nikirudi nikifika Chalinze navua hijabu. Akaniuliza kabisa, nikiitwa lile jina lingine niitike au nisiitike? Mama nililia. Sasa nimeletewa samansi, mwenzangu amepeleka maombi anataka wote wawili wahamie kwake kwa sababu mtoto anafuata dini ya baba. Je mahakama ina haki ya kuingilia dini ya watoto wangu? Na nitanyang'anywa kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma usiku nikashindwa kulala mapema, kilichonikaa kichwani ni hicho choo cha Chalinze. Nitakujibu kisheria halafu nitakuambia na jambo ambalo halitakufurahisha.

Kuhusu uwezo wa mahakama, ndiyo, inao. Watu wengi wanadhani dini ni kitu ambacho hakimu hakigusi kabisa, wanakumbuka Ibara ya 19 ya Katiba yetu inayosema mambo ya imani ni hiari ya mtu binafsi, na ni kweli hakimu hawezi kukaa pale mbele akasema dini ya huyu ni bora kuliko ya yule. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 126 imesema wazi kwamba mahakama ikitoa amri ya nani akae na mtoto inaweza kuweka na masharti, na kati ya masharti hayo wametaja mahali atakapoishi, namna atakavyosomeshwa na dini atakayolelewa nayo. Kwa hiyo ile hukumu yenu kukaa kimya kuhusu dini sio kwamba hakimu hakuwa na uwezo, mara nyingi ni kwamba hakuna aliyeomba. Siku ile mlikuwa mnagombania nyumba na godoro na nani alilipa ada, dini hamkuitaja, na mahakama haiwezi kujua kitu ambacho hukukisema. Amri za malezi huwa hazifungwi moja kwa moja, hali ikibadilika mzazi anarudi kuomba zibadilishwe, ndo hicho alichofanya mwenzako.

Sasa hii ya mtoto anafuata dini ya baba. Mwanangu, kwenye Sheria ya Ndoa utaitafuta mpaka uchoke, haimo. Kilichopo ni kifungu cha 125, kinasema jambo kubwa kuliko yote ni ustawi wa mtoto, halafu chini ya hapo mahakama iangalie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kuwa na maoni yake, na mila za jamii wanayotoka. Mila zipo kwenye hesabu, sikufichi, lakini zinakaa chini ya ustawi wa mtoto. Wala simdharau baba yake, kwa Muislamu hilo ni jambo la imani kabisa, mtoto wake ni Muislamu basi, na anaumia akisikia amebatizwa. Na Kanisa lako nalo Mkatoliki akiomba kibali cha kufunga ndoa na asiye Mkristo linamtaka aahidi atafanya kila awezalo watoto wabatizwe. Kila upande una dai lake na kila upande unaamini kwa moyo, ndo maana hakimu anabaki katikati na anauliza habari za mtoto, anakula wapi, analala saa ngapi, shule anaenda, nani anampeleka hospitali akiumwa, analala usingizi au anaota ndoto mbaya.

Mdogo wa miaka 4 ana ulinzi wake zaidi. Kifungu hicho hicho cha 125 kinachukulia kwamba mtoto chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama yake, mzazi mwingine anaweza kuleta ushahidi wa kulipinga hilo lakini lazima awe nao kweli, na mahakama inatakiwa iangalie pia kwamba sio vizuri kumvuruga mtoto kwa kumhamishahamisha. Sababu ya dini peke yake kumtoa mtoto wa miaka 4 kwa mama anayemlea vizuri, mi kwa uzoefu wangu naiona ni sababu dhaifu.

Huyu wa miaka 9 ndo kesi yenyewe. Sheria ya Mtoto ya 2009 imempa mtoto haki ya kutoa maoni kwenye mambo yanayomhusu, na inataka maoni hayo yawe yametoka kwake mwenyewe, sio amefundishwa kwenye basi. Tegemea afisa ustawi wa jamii atakuja kwako, atakaa sebuleni, ataenda shuleni, ataenda na kwa baba, ataongea na mtoto peke yake halafu ataandika ripoti. Hakimu naye anaweza kumuita mtoto ofisini kwake bila nyie. Nikupe kitu nilichokiona kwa macho yangu, sitataja mahakama. Msichana wa umri kama wa binti yako aliingia chemba, hakimu mama mtu mzima akamuuliza taratibu, mwanangu wewe ukiwa kwa baba unasali vipi na ukiwa kwa mama unasali vipi. Mtoto akaangalia ile kalamu, akauliza, hiyo karatasi unayoandika baba ataisoma? Hakimu aliiweka kalamu chini. Akamuuliza shule anapenda somo gani wakaongea hesabu na kuruka kamba, swali la dini hakulirudia siku ile. Baada ya pale amri ilivyotoka ilikuwa na sharti moja ambalo sijalisahau, kwamba mzazi yeyote asimuulize mtoto kuhusu ibada aliyofanya kwenye nyumba ya mwenzake.

Hapo ndo naingia kwenye lile lisilokufurahisha. Wewe ulimuandikisha komunyo bila kumwambia baba yake. Umeandika mwenyewe, baba yake aliposikia, maana yake alisikia kwa watu. Yeye akajibu kwa madrasa na jina jipya. Nyote wawili mmefanya maamuzi makubwa kimyakimya na mzigo mmemtwisha mtoto wa darasa la 3 au la 4, yeye ndo anajua kipi kinafichwa wapi na kinatolewa wapi, na bado hamjamuuliza kama anachoka. Mbele ya mahakama hili litawaumiza wote, maana hakimu akisoma kwenye ripoti ya ustawi kwamba mtoto anabadilisha nguo chooni ili asiwakasirishe wazazi, hatauliza ilikuwa rozari au hijabu.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya tarehe. Komunyo isimame, nimesema isimame sio ife, kesi ikiwa inaendelea usimfanyie mtoto ibada yoyote ambayo upande wa pili utaichukulia kama umefunga goli, na muombe wakili wake au mzee wa kwao naye asimamishe mambo ya aina hiyo upande wao. Padre wako akikusukuma mwambie kuna kesi, ataelewa. Pili hilo jina. Mrudisheni kwenye jina la cheti, lile lililosajiliwa RITA, ndilo jina lake kisheria na ni jina mlilompa mkiwa mnapendana. Huko kanisani na madrasani waambieni wote wamuite hilo, mpaka atakapokuwa mkubwa achague mwenyewe. Mi naona hili peke yake litamshusha mtoto nusu ya mzigo.

Halafu kaa na huyo mwanaume, kama hamuwezi kukaa wenyewe tafuteni mtu mnayemheshimu wote wawili, muandike makubaliano. Andikeni vitu vya kushikika. Idi zote mbili kwa baba hata kama imeangukia wiki yako, Krismasi na Pasaka kwa mama hata kama ni likizo ya baba. Jumapili akiwa kwako anaenda na wewe kanisani kama kawaida, akiwa kwa baba Jumapili anapumzika au wanaenda beach, na madrasa akiwa kwa baba aende kwa saa zinazoeleweka sio mpaka usiku. Asifungishwe Ramadhani kutwa nzima akiwa na shule kabla hajafika umri, asipigwe kwa sababu ya kukosea sala ya nyumba yoyote, na mtu yeyote asiitane Kafiri wala Mpagani mbele yake, mabibi na mashangazi ndani. Mkishasaini mnaipeleka mahakamani iingizwe kwenye amri, na ikishaingia ina nguvu, mmoja akiivunja mwingine ana pa kulalamikia. Nimeona mipango ya namna hii ikifanya kazi miaka, watoto wanajua kusali kote kuwili na hawana tatizo lolote, kinachowaharibu huwa ni hofu ya kumuudhi baba au mama.

Ukishindwa kupata makubaliano nenda na jibu lako kwa maandishi, usiandike kurasa kumi za kusema Uislamu umefanya nini, hakimu hatazisoma hizo na zitakuonyesha wewe ndo mwenye chuki. Andika habari za mtoto. Kadi ya kliniki, ripoti ya shule, nani alimuuguza, na usimzuie baba kuwaona hata wikiendi moja, maana mzazi anayezuia ndo mahakama inaanza kumtilia shaka. Pesa ya wakili kama huna, mashirika ya msaada wa kisheria ya WLAC na TAWLA wanasaidia wanawake bure na wasaidizi wa kisheria wapo mpaka wilayani. Na akirudi tena Msamvu, begi lake muache alifungue mwenyewe.

SWALI: Asalam aleikum Mama Wakili, mimi ni wa Mombasa, Likoni. Mke wangu alisilimu tukaoana kwa kadhi 2016, tukazaa mtoto mmoja sasa ana miaka 6. Tumeachana, yeye amerudi kanisani na amerudi kwao Machakos na mtoto, sasa mwanangu anapelekwa sande skuli. Nataka nipeleke kesi kwa kadhi kwa sababu ndoa ilifungwa huko na najua kadhi atanielewa. Yeye anasema haendi. Anaweza kukataa?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Anaweza. Katiba ya Kenya ya 2010 Ibara ya 170 imempa kadhi mamlaka ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, lakini pale ambapo pande zote ni Waislamu na zote zimekubali kwenda mbele yake. Mwenzako amerudi kanisani na amesema haendi, hayo mawili yote yanakosekana, haijalishi ndoa ilifungwa wapi. Kesi ya mtoto itaenda Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, na juu yake kuna Ibara ya 53 ya Katiba, maslahi ya mtoto kwanza, na baba na mama wana jukumu sawa kwa mtoto.

Usiende na fikra kwamba kadhi angekupa mtoto kirahisi, hata fiqhi yetu ya Kishafii hapa pwani hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto mdogo, inaanzia kwa mama mpaka afike umri wa tamyizi, yaani wa kupambanua mambo, karibu miaka 7, kisha mtoto anachagua. Najua utaniambia wanavyuoni wa Kishafii wameweka sharti mlezi wa mtoto Muislamu awe Muislamu, ni kweli wameliweka, lakini Mahakama ya Watoto haiko chini ya sharti hilo. Dini ya mtoto itaangaliwa, ipo kwenye orodha ya mambo ambayo hakimu huyapima, ila inapimwa pamoja na mengine, na mtoto wa miaka 6 aliyezoea kulala kwa mamake hawamtoi hivi hivi.

Kitu unachoweza kuomba na ukapata ni hiki. Kenya mahakama hutenganisha ulezi wa kukaa na mtoto na ulezi wa kisheria, yaani yule wa maamuzi makubwa. Mama anaweza akapewa kukaa naye na nyote wawili mkapewa ule wa kisheria kwa pamoja, hapo mambo kama shule na dini inabidi mshauriane, hakuna wa kujiamulia peke yake. Omba hicho, na omba siku za Idi na likizo ya Ramadhani zitajwe kwa majina. Tena usiseme kwenye karatasi kwamba ameritadi, yaani ameuacha Uislamu, najua limekuuma lakini ukiandika hivyo kesi yote itageuka kuwa ya dini ya mama, na mwanao ndiye atakayesahaulika humo. Matumizi ya mtoto endelea kutuma hata kama humuoni, weka meseji zote za M-Pesa.

SWALI: Mama habari, nakuandikia kutoka Hamburg, mi ni Mzanzibari, baba wa mtoto wangu ni Mjerumani Mlutheri, tulitengana lakini haki za malezi tunazo wote wawili. Mtoto alibatizwa akiwa mchanga nikanyamaza, sasa ametimiza 12 na ameanza madarasa ya kipaimara. Nataka nimbadilishe awe Muislamu kabla hajafika mbali. Rafiki yangu kaniambia nikileta fujo watanichukulia mtoto kwa sababu mimi Muislamu. Ni kweli?

JIBU: Mdogo wangu, pole na upweke wa huko. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndo linakunyima usingizi. Hapana, kuwa Muislamu peke yake sio sababu ya kumpoteza mtoto. Kuna kesi ya Hoffmann dhidi ya Austria, mama alikuwa Shahidi wa Yehova na baba Mkatoliki, mahakama kuu kabisa ya Austria ikawapa watoto kwa baba, mama akaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya pale Strasbourg na mwaka 1993 wakasema kura 5 kwa 4 kwamba kumtofautisha mzazi kwa sababu ya dini yake tu hakukubaliki. Ujerumani nayo iko chini ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, huo huo unaosimamiwa na mahakama hiyo.

Lakini swali lako la kumbadilisha, jibu lake ni umri wake. Wajerumani wana sheria maalum ya malezi ya dini ya watoto, ya mwaka 1921 na mpaka leo inatumika. Mtoto akitimiza miaka 10 mahakama lazima imsikilize kabla ya kuamua mabadiliko ya dini yake, akitimiza 12 hawezi kulelewa kwenye dini tofauti na ya mwanzo bila yeye kutaka, na akitimiza 14 anaamua mwenyewe kabisa, si wewe si baba yake. Wako ameshatimiza 12. Kwa hiyo hata baba yake akikubali kesho asubuhi, mtoto akisema hataki imeishia hapo. Na kwa kuwa malezi ni ya wote wawili huwezi kwenda peke yako kumbadilishia, mkishindana mnaishia mahakama ya familia na ofisi ya vijana, Jugendamt, ikiwa katikati.

Ulinyamaza miaka 12, najua kwa nini, mtu uko ugenini unaona ukisema utaonekana mgumu. Sasa usiseme yote kwa mwezi mmoja. Hakuna sheria inayokukataza kusali mbele yake, kumfundisha maana ya majina ya ndugu zake, kumpikia Idi, kumuweka karibu na bibi yake kwenye simu. Mueleze wewe unaamini nini na kwa nini, bila kumtaka ajibu kitu, ana miaka miwili mbele yake kabla hajapewa uamuzi wote mkononi. Na kama unataka kumpeleka Unguja likizo akaone Ramadhani au maulidi yanavyokuwa kwetu mpeleke, ila kabla hujakata tiketi pata ridhaa ya baba yake kwa maandishi na tarehe ya kurudi iwemo, umpe na kopi ya tiketi ya kurudi, usije ukafika uwanja wa ndege ukasimamishwa na mtoto amesimama pembeni anaangalia.